Mikono Nyuma ya Mgongo

Shieywe, Kakamega

Mwanangu Ayuma,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Watu huomba radhi hivi wakiwa wamekaa mwezi mmoja bila kuandika. Mimi nimekaa tangu ulipokuwa huwezi hata kulitamka jina la Butere vizuri. Na sasa naandika mbiombio kwa sababu umeenda kumuaga kukhu wako, mama yangu, utarudi mvua ikikatika, na kesho unaondoka. Pale hotelini nimewaambia kichwa kinaniuma ili wanipe ruhusa. Huo nao ni uongo, lakini huu wa leo haumuumizi mtu.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Sweta umefunga, kupika unajua, na mtu wa kumkataa unajua kumkataa, nimekuona ukiwakataa wawili hapa kwenye ploti na mmoja alikuwa mzuri. Nataka kukuandikia habari ya bunduki. Najua hapo utasema, "Mama naye na bunduki zake." Soma tu. Na ukifika mwisho usinikimbilie kunikumbatia. Soma mara ya pili kwanza.

Wewe ulimjua Mzee Barasa akiwa tayari anatembea na fimbo, kwa hivyo nianzie mbali kidogo. Nilipofika kwake Lugari kufanya kazi za nyumba nilikuwa na umri huu wako wa sasa, na wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni. Baba yako alikuwa amekwisha kwenda zake. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya kulinda wanyama wa pori, akanunua kipande cha lile shamba la zamani la mzungu, akapanda mahindi kama wengine. Wenzake walikusanya ng'ombe. Yeye alikusanya bunduki, tena za aina moja tu, ile ndogo ya kuwindia inayojipakia yenyewe: ukivuta mara moja inalia mara moja, na risasi nyingine imeshaingia mahali pake bila wewe kugusa kitu. Wazungu wa mashamba walikuwa nazo kwa ajili ya ndege na nyani wa mahindi. Walipoondoka, nyingine zilibaki kwa vibali vya watu waliokuja baadaye, nyingine zikasahaulika kwenye mapaa ya ghala. Mzee alizitafuta moja moja. Kila moja ilikuwa na kibali chake, polisi walikuja kuzikagua, na zote zilikuwa zimetolewa ile pini ya kugonga risasi. Zilikuwa kama simba aliyeng'olewa meno, alivyosema yeye.

Siku za kwanza niliona ni wazimu. Bunduki zote sawa, unaweka kabati zima, za nini? Akanicheka. Akaziweka mbili mezani, akaniuliza, "Rispa, mkubwa ni nani hapa?"

"Mzee, bunduki ina mkubwa na mdogo?"

"Hata sufuria zako zina mkubwa na mdogo. Angalia."

Nikasema ile yenye mbao iliyopasuka ndiyo mkubwa. Akapiga meza kwa furaha, nilikuwa nimekosea. Akaniambia mbao hubadilishwa, mtu yeyote anaweza kutia mbao nyingine. Kamba hubadilishwa. Hata mtutu hubadilishwa. "Angalia mahali ambapo mkono wa mtu hauna sababu ya kupagusa," akasema. Basi ndivyo nilivyojifunza. Zile za zamani juu ya mgongo wake ni laini kabisa, kwa sababu wakati huo hakuna aliyefikiria kufunga darubini pale. Zile za baadaye zina mifereji miwili ya kuifungia. Za zamani, pale pa kulengea pana kagurudumu kadogo unakazungusha kwa kidole. Baadaye wakaweka kipande cha bati tu. Na ubavuni, upande wa kushoto, karibu na pale mtutu unapofunguka, kuna alama ndogo iliyogongwa kiwandani, ndogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ndiyo inayosema huyu alizaliwa kabla ya yule.

Alikuwa nayo moja aliyoiita Kifunguamimba. Aliipata kwenye paa la ghala huko huko Lugari, imefungwa kwa gunia. Miaka na miaka alikuwa ameitafuta ya toleo lile la kwanza. Ilikuwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyokaa kwenye kikombe usiku kucha. Sikuipenda. Niliona aibu kwa niaba yake kila mgeni alipoishika.

Wewe kukhu wako amekulea, unajua alivyo. Nyumba inapimwa kwa sufuria. Mgeni akija, kabla hajaona kiti, anaona matako ya sufuria yako yamening'inia jikoni, na kama ni meusi anajua wewe ni mtu wa namna gani. Mimi nilisugua sufuria kwa jivu na mchanga kabla ya kujua kusoma. Kukhu alikuwa anaziinua kwenye jua, akiona doa anazirudisha bila neno.

Sasa, Mzee akapata mgeni. Mtu wa kukusanya kama yeye, anatoka Eldoret, anakuja kumwona Kifunguamimba peke yake. Mzee hakulala. Alikuwa ameahidiwa kwamba mgeni akiridhika, atampa nyingine mbili alizokosa, na badala yake Kifunguamimba akae huko kwa muda apigwe picha za kitabu, halafu arudi. Akaondoka asubuhi kwenda kumpokea barabarani, akaniambia, "Rispa, mtoe, umpanguse kwa kitambaa chenye mafuta. Kidogo tu."

Kidogo tu. Nilimsikia vizuri, mwanangu. Sitasema sikusikia.

Nilikaa chini ya upenu wa jikoni, nikampangusa, na ile rangi ya chai haikutoka. Nikawaza, mtu anatoka Eldoret na gari lake, anakuja kuona uchafu huu, na atauliza nani anatunza nyumba hii. Nikachota jivu. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Nikaanza ubavu wa kushoto. Ayuma, iling'aa! Chuma kilitoka cheupe kama kijiko kipya, na mimi nikafurahi, nikawa naimba. Wewe ulikuwa kando yangu umekaa kwenye jivu, unapaka mikono, unasugua mwiko wako wa kusongea obusuma kama ninavyosugua mimi.

Nikasikia gari.

Mzee alishuka akicheka na mgeni wake, akaja moja kwa moja jikoni kwa sababu alikuwa na haraka ya kuionyesha. Akaona. Sikuelewa mara moja. Nilidhani atanisifu, nikamwinulia pale panapong'aa, kama kukhu anavyoinua sufuria kwenye jua. Uso wake ndio ulionifundisha. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyefika kwake akakuta mahema ya matanga uwanjani.

Mgeni ndiye aliyesema. Alipindua bunduki, akapeleka jicho karibu, akapitisha kidole pale palipokuwa na alama. Akasema taratibu, "Pole, Mzee. Ulikuwa naye."

Ulikuwa naye. Kama mtu amekufa.

Ile rangi ya kahawia, mwanangu, ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba hajaguswa tangu atoke kiwandani. Na ile alama niliifuta. Bila alama, ni bunduki kuukuu tu yenye ubavu uliosuguliwa.

Mzee akaniuliza, "Rispa. Nani amefanya hivi?"

Waya ulikuwa chini, karibu na mguu wako. Mikono yako ilikuwa na jivu mpaka viwikoni. Nilikuwa kwenye kazi ya majaribio, na nyumbani Butere nilikuwa nimefukuzwa mara moja kwa sababu ya mimba, sikuwa na mahali pa kurudi mara ya pili. Hizo ni sababu. Nimeziandika uzione, wala sikuombi uzikubali. Nilisema, "Ni mtoto, Mzee. Nilienda kuchota maji kidogo. Nimerudi nikakuta anasugua."

Ukanitazama. Ulikuwa hujui maneno mengi. Ulisikia tu "mtoto", ukajua ni wewe, ukainua mikono yako yote miwili kuwaonyesha Mzee na mgeni wake, ukicheka, kwa sababu jivu lilikupendeza.

Hiyo ndiyo picha ninayolala nayo.

Mzee hakukugusa. Alisema tu, "Basi mtoto asiingie tena pale ndani," akaenda kumsindikiza mgeni, ambaye hata chai hakunywa. Nafikiri alijua. Mikono yangu nayo ilikuwa na jivu, na yeye alikuwa ameishi miaka mingi akisoma nyayo porini. Lakini mtu mzima akisema neno mbele ya mgeni, utamvua nguo? Aliniachia.

Hapo ningeweza kukoma. Ningemwendea jioni, tukiwa wawili, nikamwambia. Kumbe uongo ukishauweka ndani ya nyumba unataka kulishwa kila siku, na chakula chake kilikuwa wewe. Ukivunja kikombe, mimi ndiye wa kwanza kusema, "Si mnajua mikono ya huyu." Nikawaambia hadithi Butere, kwa mzaha, ili nikiisema mwenyewe kwa kicheko isije ikasemwa na mtu mwingine kwa njia nyingine. Mjomba wako akaichukua akaifanya wimbo. "Ayuma asipewe kikombe cha mgeni! Huyu alimsugua bunduki wa watu!" Wote wanacheka, na wewe unacheka nao. Nilikuona ulivyoanza kubeba sahani. Unaibeba kama mtu anayebeba mtoto wa jirani mgonjwa. Walipokuita chuoni Bukura kwa ile kozi ukakataa kwa sababu kulikuwa na mambo ya maabara na vioo, nikasema ni sawa, kila mtu na bahati yake. Bahati gani? Mimi ndiye niliyekukatia hiyo bahati, kwa mkono wangu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote, na kalamu inanikataa.

Mwaka jana ulisema kitu tukiwa tunachambua mboga. Ulisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Wakati ule nilipotumwa Butere kwa sababu ya kuharibu bunduki." Nikainama nikajifanya natafuta kisu. Mwanangu, hukutumwa Butere kwa sababu ya bunduki. Mzee hakuwahi kusema uondoke. Alisema usiingie kwenye chumba kile tu. Ni mimi niliyekupeleka. Ulikuwa umeanza kusema maneno mengi, kila siku mapya. Asubuhi moja ukiwa unasugua mwiko wako ukasema, "Mama sugua. Mama sugua bunduki." Hukuwa unashtaki mtu, ulikuwa unacheza. Wiki haikuisha nikakupeleka kwa kukhu. Nikamwambia kazi imekuwa nyingi.

Nilikuogopa. Mama mzima nilikuwa naogopa mtoto asije akajua kusema.

Ndiyo maana ukalelewa Butere na mimi nikawa mtu wa likizo, mtu wa kuja na mkate. Ukawa unauliza kukhu, "Mama ataninunia mpaka lini?" Kukhu ndiye aliyeniambia, na hakujua alichoniambia.

Ukija Lugari likizo ulikuwa unasimama nje ya dirisha la chumba kile, mikono umeifunga nyuma ya mgongo, unatazama ndani. Mzee anafungua pazia. Anaziweka mbili mezani ng'ambo ya kioo. "Ayuma, mkubwa nani?" Na wewe unaonyesha kwa kidevu. Kwa kidevu, mwanangu. Hukuwahi kukosea. Nilikuwa nakuangalia nikiwa jikoni, nikisikia fahari na kuungua kwa pamoja, na ule moto ndio uliokuwa mkubwa.

Mara moja Mzee alinifungulia mlango wa kukiri. Alikuwa amelala kitandani, ndio ugonjwa wake umeanza. Nilikuwa namlisha uji. Akasema, bila kunitazama, "Rispa, ule mkono uliosugua pale ulikuwa na nguvu. Mtoto gani ana nguvu hivyo?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Watoto wa siku hizi, Mzee." Nikacheka. Akafungua kinywa nikamtilia uji. Hakuuliza tena, akafa hajauliza.

Halafu ndiyo mwezi uliopita. Wanawe walipoamua kutoa zile bunduki kwa ghala la vitu vya kale huko Nairobi, na yule Madam Zuhura wa huko akaja na vijana wake na polisi, wakaniita nisaidie kwa sababu nilikaa nazo. Wewe ukanifuata. Ukasimama pale na mikono nyuma, na kila wakikwama unasema polepole, "Hiyo ni ya baadaye, ina mifereji." Madam akafurahi sana. Akaniambia, "Mama, binti yako umemlea vizuri. Vijana wangu nawafundisha miaka miwili wasiguse guse, huyu amekuja hagusi!" Nikasema asante. Nilisema asante, Ayuma.

Kisha akamtoa Kifunguamimba. Akauliza, "Mbona huyu amechubuka hapa?"

Na wewe, kabla mtu hajavuta pumzi, ukasema, "Ni mimi, Madam. Nilikuwa mdogo, nikachezea jivu."

Akacheka, akasema, "Basi utakuja kumlipa kwa kumtunza." Kijana wake akaandika ulivyosema. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Ulinitazama, ukatabasamu, kama mtu anayesema, usijali Mama, nimelibeba mwenyewe. Na mimi nikasema, "Chai itapoa."

Mara ya kwanza nilikuwa msichana mwenye hofu. Mara hii ya pili nina miaka thelathini na mitano na hakuna aliyekuwa ananitisha. Hapo sina hata sababu ya kukuandikia uione.

Nilitaka kukuambia siku ile ile njiani. Halafu nikasema nikukabidhi kwanza barua yako ya kazi ya huko kwa Madam, ufurahi. Halafu nikasema Jumapili. Jana usiku ukaniuliza, ukiwa unakunja kanga, "Mama, na wakinipa nishike?" Nikakuambia utashika tu. Ukaangalia mikono yako, ukaigeuza, ukasema, "Hii?"

Ndiyo. Hiyo. Mikono hiyo haijawahi kuharibu kitu cha mtu. Vikombe viwili vya plastiki vilivyopasuka na thamosi moja iliyokuwa na ufa tangu dukani, basi. Nimehesabu yote niliyowahi kukulaumu, na mengi yalikuwa ya watu wengine. Mikono iliyoharibu ni hii inayoandika, na kila siku bado inasugua sufuria za hotelini kwa waya ule ule.

Sina mafundisho mengi ya kukupa. Nina moja tu, na hata hilo nimelipata kwa kuharibu. Niliona kitu cha kale nikadhani ni kichafu. Ukifika huko utakutana na vitu vingi vyenye rangi ya chai. Na watu pia. Usiwe na haraka ya kuwang'arisha. Kwanza uliza ile rangi imetoka wapi.

Barua hii nitaitia chini ya sweta, utaikuta ukifungua begi. Nilifikiria kukuambia mdomoni leo, lakini nakujua. Utaniambia, "Si kitu, Mama," na mimi nitaipokea hiyo "si kitu" kwa mikono miwili kama nilivyopokea zote. Sitaki. Ni kitu. Kasirika kwanza. Ukae nayo hasira hata miezi, usinipigie simu ukiwa umeimeza. Nitangoja. Kukhu nitamwendea mwenyewe kesho ukishapanda gari, na mjomba wako na wimbo wake, nitamwambia mbele ya watoto wake wote wanaouimba.

Mvua imepungua. Nasikia lango.

Haya ndiyo ninayohitaji unitumie, na mengine yote usijisumbue.

Namba ya simu ya Madam Zuhura. Usimwambie lolote wewe, usinitetee, usiseme Mama alikuwa mdogo. Nitampigia mwenyewe, ili pale walipoandika "mtoto" waandike jina langu na kazi niliyokuwa nayo.

Kikopo kimoja cha yale mafuta ya kupangusia, kikishaisha, hata kitupu. Nimeikumbuka ile harufu.

Picha ya ubavu wa kushoto wa Kifunguamimba, jua likiwa upande, nione kama kuna chochote kilichobaki cha ile alama. Kama hakuna, bado nitumie.

Na picha nyingine moja. Wakikuruhusu siku ya kumshika, mshike, mwambie mwenzako akupige. Uso si lazima, uso naujua. Nataka mikono. Yote miwili, mbele.

Mama yako,
Rispa